Una miaka 16 na unataka kuhama nyumbani? Mwongozo kamili kwa vijana wa Mwanza na kanda ya ziwa

Shule zikifunga tu maswali yanaanza. Dogo ana miaka 15, 16, kagombana na baba wa kambo, kaangalia video za Marekani ambako mtoto anasimama mbele ya jaji anatoka na karatasi inayosema kuanzia leo wewe ni mtu mzima, alafu ananiuliza: kaka, fomu ya kujitoa kwa wazazi kisheria nachukulia wapi, mahakamani au kwa mtendaji?

Hamna fomu. Naanza na hilo mapema mana kuna watu wanalipishwa hela na vishoka nje ya mahakama kwa ajili ya karatasi isiyokuwepo. Ila hiyo haimaanishi umefungiwa mlango, njia za kutoka nyumbani kabla ya 18 zipo na ni halali, tatizo zinaitwa majina mengine na zote zinapita kwa mtu mzima mmoja anayekubali kuandikwa jina. Nimejitolea miaka kadhaa na wasaidizi wa kisheria hapa Nyamagana, na mwenyewe nilitoka nyumbani Sengerema nikiwa na miaka 16, nikavuka na kivuko cha Kamanga na begi moja la mgongoni, kwa hiyo ninachoandika nimekiona pande zote mbili.

Kwanza tuondoe mambo ya kwenye video

Kile unachokiona ni kweli kipo, ila kwao. California mtoto anaweza kuomba kuanzia miaka 14, lakini lazima awe tayari anaishi mbali na wazazi na wazazi wameridhia, ana kipato halali, anasimamia hela zake mwenyewe, na jaji aone kwamba inamfaa. Majimbo mengine mengi umri ni 16, na New York hawana kabisa sheria ya namna hiyo. Ufaransa ni kuanzia 16 na wanaoomba kwa jaji ni wazazi wenyewe, sio mtoto aliyenuna. Umeona hapo? Hata huko hawampi mtu anayekimbia, wanampa ambaye ameshajitegemea.

Huku kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 kifungu cha 4 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, basi. Hakuna kipande cha katikati. Una kazi, una geto (chumba chako cha kupanga), unalea wadogo zako, bado kisheria ni mtoto. Kuna uzuri wake pia, nitakuja kuueleza kwenye matunzo.

Na dada zangu, kuolewa sio njia ya mkato. Kuna mtu atakwambia Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana wa miaka 15 wazazi wakiridhia. Ni kweli iliandikwa ivyo, lakini mwaka 2016 Mahakama Kuu kwenye kesi ya Rebeca Gyumi ilisema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinapingana na Katiba, serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa hiyo rufaa. Alafu kama wewe ni mwanafunzi, anayekuoa anaenda jela miaka 30, sheria ya elimu ilibadilishwa mwaka huohuo 2016. Kwa hiyo yule mwenye pikipiki anayekwambia njoo tuishi wote utakua huru, hata yeye mwenyewe hajui anachokitafuta.

Kama hali ni ya hatari, ruka kila kitu soma hapa tu

Unapigwa hadi unaumia, unaguswa kingono, unataka kuozeshwa, umefungiwa ndani: piga 116, ni bure mitandao yote, ni simu kwa ajili ya watoto. Au nenda kituo cha polisi uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usianze kujieleza pale kaunta mbele ya watu, sema tu nataka dawati. Kama umebakwa usioge, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au uzifunge kwenye kanga safi, na ufike hospitali haraka mana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndo zinafanya kazi vizuri. Mambo ya kuhama tutayaongea baadae.

Andika 116 kwenye karatasi. Najua ni namba tatu tu, ila mtu akiwa anatetemeka hata jina lake analisahau.

Hatua ya kwanza: jiulize unakimbia nini

Sio swali la kukuchosha, ni kwamba kila jibu lina ofisi yake. Kama ni ukatili, wewe mbele ya sheria ni mtoto anayehitaji ulinzi na serikali inalazimika kuingilia. Kama ni kutelekezwa, baba yupo Geita machimboni hatumi hata mia na mama hayupo, hiyo ni kesi ya matunzo. Kama mzazi mmoja anakutesa na mwingine yupo ila wameachana, hapo inaongelewa hadhanati, yaani nani akae na mtoto, na sheria inataka mahakama isikilize na maoni yako. Na kama ni kwamba baba hataki urudi saa 4 usiku na anakunyang'anya simu... mdogo wangu, hapo hamna ofisi itakayokusaidia, utarudishwa nyumbani na utakuta baba ana hasira mara mbili. Kwa kesi hiyo ya mwisho ruka hadi kwenye habari ya kupata mlezi mwingine ndani ya ukoo, ndo njia yako pekee.

Andika kwenye daftari tarehe na tukio. "Tarehe 3 alinipiga na mkanda, jirani alisikia." Daftari lisikae nyumbani, mpe rafiki au mwalimu.

Hatua ya pili: karatasi

Cheti cha kuzaliwa ndo mama wa kila kitu. Bila hicho huwezi kuthibitisha una miaka 16 na sio 19, na mtu akitaka kukuonea atakwambia wewe ni mtu mzima hatuhusiki na wewe. Kama hukusajiliwa utotoni, RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, wanapokea maombi kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya, utaulizwa vielelezo kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha darasa la saba, barua ya serikali ya mtaa. Anza hili hata kama unahama mwakani.

Vingine ni cheti cha shule, kadi ya bima kama ipo, na vyeti vya kifo kama wazazi wamefariki. Hapo kwenye kifo usipaharakie, mana mtoto ana haki ya kunufaika na mali aliyoacha mzazi, na nimeona watoto wanaondoka kwa hasira wanaacha nyumba na ng'ombe kwa baba mkubwa, wakirudi wakiwa na miaka 20 wanakuta kiwanja kimeuzwa vipande vitatu. Kabla hujatoka, uliza nani ni msimamizi wa mirathi na aliteuliwa mahakama gani.

Toa kopi mbili za kila kitu. Usiibe vyeti halisi usiku, vikipotea humo njiani umejimaliza mwenyewe, lakini ukipata nafasi ya kupiga picha kwa simu piga, tuma kwa mtu unayemwamini.

Hatua ya tatu: tafuta mtu mzima, hii ndo kazi yenyewe

Hapa ndo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Nilitoka kwa wazazi nikaingia kwa fundi mmoja huku mjini aliyeniahidi kunifundisha kuchomelea, hakunijua wala sikumjua, hamna karatasi hamna shahidi, nikakaa miezi mitano nabeba vyuma na kulala kwenye karakana na sikuwahi kushika hata fimbo ya kuchomelea. Siku niliyougua malaria alinipa nauli ya daladala akaniambia nenda kwenu. Nilienda Mabatini kwa mama mdogo ambaye muda wote huo alikuwepo, sema nilikua naona aibu.

Kwa hiyo kaa chini orodhesha: bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo, kaka mkubwa aliyeoa, mwalimu, mchungaji au shehe, jirani ambaye mama anamheshimu. Kwetu huku kanda ya ziwa mtoto kukulia kwa bibi au kwa mjomba sio habari mpya, nusu ya darasa langu walikua ivyo, na wazazi wengi watakubali "aende akakae kwa shangazi yake Nyasaka asogee shule" wakati wasingekubali hata kidogo "anahama". Maneno yana kazi. Usimtume rafiki yako akaongee, mtume mkubwa kwa mkubwa.

Ukienda kwa huyo mtu usiende na begi. Nenda siku ya kawaida, mwamkie vizuri, msaidie kazi, alafu omba kuongea. Sema kitu kama: "Shikamoo mama mdogo, nina shida, nyumbani hali imekua hivi na hivi, naomba nikae kwako hadi nimalize kidato cha nne, na naomba tukaandikishane kwa mtendaji ili wewe usije ukapata matatizo." Hiyo sentensi ya mwisho ndo inamlainisha, mana watu wengi wanaogopa kukupokea sio kwa sababu ya ugali, wanaogopa mzazi kuja na polisi kusema mmemtorosha mwanangu.

Hatua ya nne: mtaa, kata, Ustawi wa Jamii

Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Kama mwenyekiti ni rafiki wa baba yako, na hii hutokea sana tu, mruke, nenda moja kwa moja kwa mtendaji wa kata au kwa ofisa ustawi wa jamii. Wa Nyamagana yuko halmashauri ya jiji, wa Ilemela yuko manispaa kule Buswelu, na wilaya zingine Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Ukerewe uliza halmashauri yako. Ukiwa visiwani muulize mwalimu au mhudumu wa zahanati akupigie, usipande mtumbwi peke yako kufuata ofisi.

Nenda asubuhi, saa 2 na nusu uwe umefika, mana mchana wanatoka kwenda mitaani. Nenda na yule mtu mzima wako kama amekubali. Beba kopi na daftari. Utaulizwa maswali mengi na mengine yatakukera, kwa nini hukumwambia mama, una mchumba, unatumia kitu gani. Jibu ukweli. Ukidanganya kitu kidogo wakaja kukijua, hata yale makubwa ya kweli hawatayaamini.

Kinachofuata ni wao kumwita mzazi au kwenda nyumbani. Jiandae na hili, mtasuluhishwa kwanza, na usinune, mana mara nyingi hapohapo ndo mzazi anakubali mwenyewe mbele ya ofisa kwamba basi akae kwa bibi yake, na hiyo karatasi mnayosaini siku hiyo ndo yenye thamani kuliko ile ya Marekani. Iandikwe: utakaa kwa nani, kuanzia lini, nani analipa nini, mzazi atakuona lini. Kila mtu apewe kopi.

Kama mzazi haeleweki au nyumbani ni hatari, ofisa anaweza kukupeleka kwa mtu wa kuaminika, hawa ni watu walioandaliwa na ustawi kupokea watoto kwa muda, au akapeleka shauri mahakama ya watoto ikatoa amri ya uangalizi. Kuna na malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia nyingine iliyokubaliwa na ustawi, ambayo ni ya muda mrefu zaidi. Makao ya watoto yapo ila yachukulie kama mwisho wa njia, sio mwanzo.

Na ukikuta ofisa anakuzungusha, njoo kesho njoo keshokutwa, rudi na mtu wa tatu. Mwanza kuna mashirika yanayojua hizi njia: Kivulini kwa mambo ya ukatili, Wotesawa kwa wanaofanya kazi za ndani, Railway Children kwa walioko mtaani. Tangu 2017 kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, kwa hiyo wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi. Msaada ni bure, anayekudai hela ya fomu mkimbie.

Hatua ya tano: matunzo

Huu ndo ule uzuri niliosema. Kwa kuwa wewe ni mtoto, mzazi hajavuliwa wajibu kwa sababu tu unalala kwa shangazi. Chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, bado ni vyake. Ombi la matunzo linaweza kupelekwa mahakamani na mlezi unayekaa naye, ndugu, ofisa ustawi, au wewe mwenyewe kupitia mtu mzima anayekusimamia. Mahakama inaangalia kipato cha mzazi, kwa hiyo kusanya ushahidi: ana duka wapi, ana mtumbwi ngapi, ana nyumba ya kupangisha. Ukisema tu "ana hela" hutafika popote. Vijana wanaotaka ile karatasi ya kujitenga hawajui kwamba wangeipata wangepoteza hiki.

Shule, nisiongee sana

Usiache. Sekondari za serikali hazina ada, kidato cha 1 hadi 4 tangu 2016 na cha 5 na 6 tangu 2022. Uhamisho unaombwa na mzazi au mlezi, ile karatasi ya ustawi inasaidia hapo. Ulipata ujauzito ukaacha? Tangu Novemba 2021 unaruhusiwa kurudi. Umeshindwa kabisa, chuo cha ufundi cha VETA kiko Nyakato, au tafuta fundi, ila makubaliano na fundi yaingiwe na mzazi au mlezi wako kwa maandishi, muda wa mafunzo utajwe, na unakula wapi. Ningekua na karatasi hiyo ile miezi mitano isingeenda bure.

Kazi: ziwa lina mtego

Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyoharibu afya wala shule. Chini ya 18 hauruhusiwi kazi za hatari: machimbo, viwanda vyenye mashine na kemikali, kubeba mizigo mizito, kuwa baharia kwenye chombo, kazi za baa na sehemu za starehe. Na kufanya kazi usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, hairuhusiwi kabisa.

Sasa piga hesabu ya hizo kwenye maisha ya huku. Dogo akitoroka nyumbani kitu cha kwanza anakimbilia mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha samaki, Kirumba au kisiwani. Uvuvi wa dagaa ni wa usiku wa giza na taa, wanatoka jioni wanarudi alfajiri, mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika na hapo hamna hela. Yaani kazi ni ya usiku, ni ya majini, na malipo ni ya mgao baada ya tajiri kukata mafuta, chakula na deni, kwa hiyo unaweza kukaa giza zima, yaani kipindi chote kisicho na mbalamwezi, ukatoka unadaiwa. Ukiwa kisiwani kuondoka ni hadi boti ije na nauli uwe nayo. Kwa wasichana kuna ile ya kupewa samaki au dagaa kwa masharti, kila mtu mwaloni anaijua na hakuna anayeitaja, na huko ndiko mimba na VVU vinakopatikana. Sisemi watu wa mwaloni ni wabaya, wajomba zangu ni wavuvi, nasema sio mahali pa mtoto ambaye hana mtu.

Zinazowezekana ni kusaidia duka au genge mchana, kuanika dagaa wikiendi ukiwa na ndugu yako pale, kufuga kuku wachache kwa bibi, saluni, kushona, kutengeneza simu chini ya fundi. Kazi za ndani ziwe na makubaliano ya mshahara unaoshika wewe mkononi, sio "nitamtumia mama yako", na simu ya nje uruhusiwe kupiga. Wakikunyima simu, 116.

Geto

Kila mtu anataka kuanzia hapa, mimi nimeliweka huku kwa makusudi. Sheria ya mikataba inataka mtu awe na miaka 18, mkataba wa chumba uliosaini wewe ukiwa na 16 haukulindi. Mwenye nyumba akikutoa usiku na kodi yako kala, una kazi kubwa ya kuidai. Laini ya simu inasajiliwa kwa namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) na alama za vidole, kitambulisho hicho ni 18, kwa hiyo hata hela ya kwenye simu inakaa kwa jina la mtu mwingine. Chagua vizuri huyo mtu.

Kama una miaka 17, unasoma mbali na mlezi wako ameridhia upange, basi asaini yeye, risiti iandikwe jina lake na lako kama mkaaji. Hesabu iko hivi: chumba cha 40,000 kwa mwezi pembeni kule Buhongwa au Kishiri, mwenye nyumba anataka miezi 6, hiyo ni 240,000, dalali anataka mwezi mmoja 40,000, tayari 280,000 na bado hujanunua godoro, ndoo, jiko wala kulipa maji na luku. Ukiwa huna hela hiyo pamoja na chakula cha miezi miwili, bado hujafika wakati. Pangeni wawili mnaojuana, nyumba yenye familia ndani na choo kilicho ndani ya uzio, mlango wenye komeo la ndani, na usimwonyeshe chumba mtu uliyemjua wiki hii.

Ukifika 18

Wiki hiyohiyo nenda NIDA na cheti cha kuzaliwa, barua ya mtaa unaokaa na namba za vitambulisho vya wazazi kama unazo, hapo ndo utashukuru kwamba hukutukana mtu wakati wa kuondoka. Ukipata namba, sajili laini kwa jina lako, hamishia hela zako, na mkataba wa chumba uandikwe upya. Mimi nilifika na kopi ya cheti nikarudishwa, nikakaa tena wiki mbili kusubiri cheti chenyewe kivushwe na kivuko kutoka kwa baba, alikileta mwenyewe mkononi.